Chokoleti ya Mikono Minne

Kila chakula ambacho wifi alikipendekeza kwa ajili ya karamu ile kilihitaji mikono minne, na Mwalimu hakuligundua hilo. Haikuwa kawaida yake kupitwa na mambo. Katika miaka aliyofundisha sayansi kimu aliweza kunusa keki inayokaribia kuungua akiwa upande wa pili wa ua wa shule, na aliweza kumtambua mwanafunzi aliyekisia unga badala ya kuupima kwa kumtazama tu alivyoshika kikombe. Lakini siku zile alikaa meza moja na mwanamke aliyemjua kuliko alivyowajua ndugu zake wa tumbo moja, akasikia pendekezo baada ya pendekezo, akalikataa kila moja kwa sababu aliyoiona kuwa ya busara, na kilichokuwa mbele ya macho yake hakukiona.

Wifi alikuwa dada wa pekee wa marehemu mume wa Mwalimu. Alikuwa mshonaji wa mapazia, mwembamba, mwenye magoti yaliyochoshwa na cherehani ya miguu na ulimi ambao haukuwahi kuchoshwa na chochote. Baada ya msiba alikuja na mkoba mmoja ili akae kidogo na mjane wa kaka yake, akaishia kupanga chumba mtaa wa pili. Jioni walikuwa wakipika, kwa sababu hawakujua wafanye nini kingine na mikono yao, na walipika kingi kupita kiasi, kana kwamba bado yupo mtu wa kurudi na njaa. Jirani mmoja akaonja, akaomba afundishwe. Rafiki wa jirani naye akaomba. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi yao ya maonyesho ya mapishi majumbani: mwenye nyumba hualika marafiki, Mwalimu na wifi hufika na vyombo vyao, hupika mbele ya wageni huku Mwalimu akieleza kila hatua, kisha wote huketi na kulila somo lenyewe.

Safari hii aliyewaita alikuwa daktari wa meno.

"Anataka chokoleti kila sahani," Mwalimu alisema baada ya kuiweka simu mezani. "Kuanzia cha kufungulia kinywa mpaka cha kumalizia. Hata kwenye kuku."

"Daktari wa meno?" Wifi aliacha kumenya chungwa. "Wifi, huyo hafanyi karamu. Huyo anatafuta wagonjwa."

"Acha maneno yako."

"Nitayaachaje, na yeye ndiye aliyeyaanza? Mwambie atutolee na kile kiti chake cha kulalia. Tukimaliza kula, aanze kung'oa."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Hata hivyo kicheko kilikwisha mapema kuliko walivyozoea. Kulikuwa na jambo lililokuwa limeketi nao mezani tangu mwanzoni mwa juma, siku Mwalimu alipomweleza wifi yake kwamba mpima ardhi amemwomba waoane.

Mpima ardhi alikuwa mgane, mtu wa sauti ya chini, aliyefika mtaani kuweka alama za mpaka wa kiwanja cha jirani akaomba maji ya kunywa. Alirudi siku nyingine kuomba maji hali chupa yake ikiwa imejaa. Wifi ndiye aliyeliona hilo la chupa kabla ya mtu yeyote, akambatiza Bwana Futikamba, na kwa muda mrefu walimcheka pamoja, kwa upole, namna wanawake wanavyomcheka mwanamume ambaye hawana ubaya naye. Nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Mwalimu alikuwa hajampa jibu la mwisho, lakini uso wake ulikuwa umeshalitoa.

"Kheri, wifi yangu," wifi alikuwa amesema siku ile. "Mtu hawezi kuzungumza na friji maisha yake yote." Kisha akauliza kama sukari ipo ya kutosha.

Mwalimu aliipokea baraka hiyo na kuigeuzageuza moyoni. Aliona ndani yake kitu kilichokunjwa, akadhani ni uchungu wa dada kwa ajili ya kaka yake. Alilielewa hilo, au alifikiri amelielewa. Akaamua kwamba jambo la heshima ni kumpunguzia wifi yake mzigo: asimlazimishe kusimama jikoni siku nzima akimsaidia mwanamke ambaye, baada ya muda si mrefu, atakuwa mke wa mtu mwingine.

Basi wakaanza kupanga.

"Tambi za kakao," wifi alisema asubuhi iliyofuata, kabla hata hajavua viatu. "Unga, mayai, kakao kidogo. Mashine yetu ya tambi imenuna kabatini kama bibi harusi aliyesusa. Mmoja anazungusha mpini, mwingine anazipokea zikitoka. Wageni wanapenda kuona kitu kinazunguka."

"Mpini ule mgumu. Na utasimama muda mrefu, magoti yako yatalalamika."

"Magoti yangu hayazungushi mpini."

"Tufanye kitu chepesi, wifi."

Wifi alichukua kisu, akaanza kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyemwomba avikate. Jioni alirudi na wazo jingine: keki ya chokoleti ya kukunja. Inaokwa nyembamba kama mkeka, inapinduliwa juu ya kitambaa ikiwa bado moto, na wakati mmoja anakinyanyua kitambaa polepole, mwingine anaifuata keki kwa viganja vyake, akiibembeleza ijikunje. Mwalimu alisema keki za namna hiyo hupenda kupasuka, na kupasuka mbele ya wageni ni aibu.

"Yetu haijawahi kupasuka."

"Siku zote kuna ya kwanza."

"Sisi tukiwa wawili? Haipasuki." Wifi alilisema hilo akimtazama usoni, na Mwalimu, aliyekuwa akitafuta kalamu, alikuwa ameinama.

Wazo la tatu lilikuwa la maputo. Wifi alikuja nayo mfukoni, madogo, ya rangirangi, aliyoyanunua dukani kwa wauza vifaa vya sherehe za watoto. Unayapuliza kidogo, alieleza, unayachovya kwenye chokoleti iliyoyeyushwa, unayaacha yagande. Halafu mtu mmoja anashika bakuli la chokoleti kwa ncha za vidole, mwingine anatoboa puto taratibu karibu na fundo, hewa inatoka, na mkononi linabaki bakuli la kuliwa.

"Na likipasuka?"

"Likipasuka, daktari atasafisha dari lake, na sisi tutakuwa na la kusimulia."

Kwa hili Mwalimu alishawishika kulijaribu, kwa sababu za kitaaluma. Waliyeyusha chokoleti katika bakuli juu ya mvuke wa maji, wakaiacha ipoe. Wifi akashika puto la kijani kwa shingo, akalichovya kama mtu anayemwosha mtoto mchanga kichwa. "Nyoosha mkono, wifi. Shika hapa. Si hapo, hapa, we mwanamke umesoma wapi?" Mwalimu alishika. Chokoleti ilikuwa bado ya moto kuliko inavyotakiwa, na puto, lililokuwa jembamba kuliko lilivyoonekana, lilipasuka kwa mlio mmoja mkavu.

Ukutani, kwenye miwani, kwenye kalenda, kila mahali. Walisimama wakitazamana, nyuso zao zimejaa madoa kama mayai ya kware, kisha wifi akanyoosha kidole gumba, akapangusa tone kubwa kwenye paji la uso la Mwalimu, akalilamba.

"Chungu kidogo," alisema kwa uzito wa jaji. "Ongeza sukari."

Hapo wote wawili walivunjika mbavu. Mwalimu ilimbidi aketi. Kwa dakika chache jiko lilikuwa lile la zamani, lisilo na mgeni mezani. Kisha simu iliita, na jina lililotokea lilikuwa la mpima ardhi. Mwalimu alijifuta mikono haraka akatoka nayo uani. Aliporudi, ukuta ulikuwa umeshafutwa, kalenda imeshafutwa, na wifi alikuwa ameshaondoka.

Usiku huo Mwalimu aliandika menyu mwenyewe. Saladi ya machungwa na mboga chungu, ikinyunyiziwa vipande vya chokoleti nyeusi vilivyoparuzwa kwa kisu. Kuku wa sufuria moja, katika mchuzi wa nyanya, pilipili na chokoleti chungu. Keki ya chokoleti isiyo na unga, iokwe nyumbani mapema, ifunikwe kwa chokoleti inayong'aa mbele ya wageni. Chokoleti ya kunywa. Ilikuwa menyu nzuri, safi, iliyopangwa kama hoja: kila kitu kilifuata kilichokitangulia, na hakuna mahali ambapo mpishi angehitaji mkono wa tatu. Aliisoma mara mbili, akaridhika nayo.

"Hii naweza kuifanya peke yangu," alimwambia wifi asubuhi, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa zawadi. "Safari hii wewe njoo kama mgeni. Ukae, ule, upumzishe magoti yako. Umenihangaikia miaka yote hii."

Wifi aliisoma ile karatasi taratibu. Alianza na saladi akamalizia na kinywaji, kisha akaanza upya, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu.

"Nije kama mgeni," alisema.

"Ndiyo. Uvae vizuri. Uhudumiwe."

"Sawa, Mwalimu."

Tangu waanze kujuana hakuwahi kumwita hivyo. Watu wote walimwita Mwalimu, yeye peke yake hakuwahi. Mwalimu alisikia kwamba kuna kitu kimesogezwa mahali, mfano wa mtu anayeingia sebuleni kwake akahisi kiti kimehamishwa, lakini alikuwa akifikiria idadi ya machungwa, na hisia ile ikapita.

Jiko la daktari wa meno lilikuwa kubwa, jeupe, na limepangwa kwa usafi unaomfanya mtu aogope kumwaga chochote. Katikati palikuwa na meza ndefu ya kupikia, na mbele yake daktari alikuwa amepanga viti kwa safu, kama ukumbini. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, aliyewapokea wageni mlangoni kwa kuwaonya.

"Karibuni, jamani, karibuni! Leo mle bila woga. Jumatatu niko ofisini."

"Daktari, wewe utakwenda motoni," alisema rafiki yake mmoja, muuguzi, akivua koti.

"Nikienda, shoga, nakwenda nimeshiba."

Wifi alifika wakati watu wameshaanza kukaa. Alivaa gauni la samawati na viatu vya kutokea, akasalimia kila mtu kwa adabu, akaketi kiti cha mwisho cha safu ya nyuma, mkoba umewekwa juu ya mapaja na mikono yote miwili imewekwa juu ya mkoba. Mwalimu alimpungia. Wifi aliinamisha kichwa, kama wageni wanavyofanya.

Saladi ilikwenda vizuri. Mwalimu alikata machungwa bila kubakiza utando mweupe, akaeleza kwa nini chokoleti chungu hupatana na tunda lenye ukali, akajibu maswali. Lakini kila alichokihitaji kilikuwa mbali kidogo na mkono wake. Alisimulia habari ya kakao akakatiza sentensi kwenda kutafuta chumvi. Alifikia mahali pazuri pa kuchekesha, pale ambapo siku zote hutupa neno na wifi hulidaka, akalitupa neno, na halikudakwa na mtu. Wageni walitabasamu wakidhani hadithi bado inaendelea.

Kufikia kuku alikuwa na jasho juu ya mdomo. Sufuria ilikuwa ikichemka kwenye jiko la kulia. Kushoto kwake, juu ya maji ya moto, lilikuwa bakuli la chokoleti iliyoyeyuka kwa ajili ya kufunikia keki, laini, nyeusi, inayong'aa kiasi cha kuakisi taa.

"Chokoleti iliyoyeyuka," aliwaambia, "ina adui mmoja tu, naye ni maji. Si mengi. Mkimwaga kikombe kizima mtapata mchuzi, na hakuna aliyekufa kwa mchuzi. Ni yale matone machache yanayoiharibu. Itajikaza, ishikane, iwe mabonge kama udongo. Kwa hiyo tunalilinda bakuli letu. Na sasa tumwangalie kuku."

Alifunua sufuria. Mvuke ulipanda, harufu ya nyanya na pilipili na chokoleti ikaenea chumbani, wageni wakashusha pumzi kwa pamoja. Naye, huku akiinama kuutazama mchuzi, akanyoosha mkono wa kushoto wenye kifuniko, kama alivyounyoosha katika majiko yote ya watu tangu kazi ianze, bila kutazama, ili kifuniko kipokelewe.

Hakuna aliyekipokea. Kifuniko kilining'inia hewani juu ya bakuli, kimeinamishwa kidogo, na maji yote ya mvuke yaliyokuwa yamekusanyika ndani yake yakashuka ukingoni na kudondoka kwenye chokoleti.

Aliusikia ule mdondoko kabla ya kuuona. Alipogeuka, uso wa chokoleti ulikuwa umeshapoteza mng'aro. Alikamata mwiko akakoroga, na kadiri alivyokoroga ndivyo ilivyozidi kukauka na kushikana, mpaka mwiko ulisimama wenyewe katikati.

Daktari alinyoosha shingo alione bakuli. Mwalimu alikitazama kifuniko mkononi mwake. Hakuwa akifikiria chokoleti. Alikuwa akiutazama upande wake wa kushoto, mahali palipokuwa patupu, na kwa mara ya kwanza aliona upana wa nafasi ile: saizi ya mtu mmoja mwembamba.

Nyuma ya viti kulisikika mkoba ukiwekwa chini.

"Mmeona?" ilikuwa sauti ya wifi, kavu, ya kila siku. Alikuwa ameshasimama na alikuwa akija mbele, akikunja mikono ya gauni lake la samawati. "Mmeona jinsi inavyoharibika? Wifi yangu hapendi kusema tu, anapenda mwone kwa macho yenu. Watu wengi ikifika hapa wanalia, wanatupa. Nani kati yenu angetupa?"

Mikono kadhaa iliinuka, wa daktari ukiwemo.

"Haya basi, leo hatutupi. Wifi, maziwa ya moto ya kile kinywaji yako wapi?"

"Hapo, nyuma ya..."

"Nimeyaona. Shika mwiko. Koroga kutoka katikati, usikimbie. Mimi namimina."

Akamimina kijiko kimoja. Bonge lilizidi kutisha. Kijiko cha pili, likawa na nyufa. Mwalimu alikoroga, na sauti yake ikamrudia, mwanzoni kwa kusitasita kisha ikakaa sawa: aliwaeleza wageni kwamba matone machache huishikanisha sukari na kakao, lakini maji yakiongezwa ya kutosha, au maziwa, vitu hivyo huachiana tena, kwamba haitakuwa tena chokoleti ya kufunikia keki, itakuwa mchuzi mzito wa kumwagia, na kwamba hilo si kosa, ni chakula kingine.

"Kinachookoa ndicho kilichoharibu," muuguzi alisema taratibu.

"Ila kiwe kingi na mkono usitetemeke," alijibu wifi. "Koroga, wifi, acha kunitazama mimi. Mimi si chokoleti."

Wageni waliangua kicheko. Bonge lililegea, likalainika, likaanza kutiririka kutoka kwenye mwiko kama utepe. Mng'aro ulirudi. Daktari alipiga makofi ya kwanza, wengine wakamfuata.

Lakini Mwalimu aliendelea kukoroga kwa muda baada ya kazi kwisha. Kijiko kilikuwa kikija kutoka upande wake wa kushoto kila alipokihitaji, kabla hajasema. Alikiona kijiko kile, akaiona mashine ya tambi, mmoja akizungusha na mwingine akipokea. Akakiona kitambaa chini ya keki. Akaliona puto la kijani na vidole vinavyolishika. Siku zile zote mtu huyu hakuwa akipanga chakula. Alikuwa akiuliza swali moja kwa maneno tofautitofauti, na kila mara alijibiwa kwamba nafasi hakuna.

Keki ililiwa ikiogelea kwenye mchuzi wake, na wageni waliapa kwamba hivyo ndivyo inavyostahili. Alasiri, walipohamia sebuleni na vikombe vya chokoleti ya kunywa, wanawake hao wawili walibaki kwenye sinki, mmoja akiosha na mwingine akikausha.

"Kwa nini hukuniambia?" Mwalimu aliuliza.

"Nikuambie nini? Kwamba hujui kushika kifuniko?"

"Wifi."

Wifi alikausha sahani ambayo ilikuwa imeshakauka.

"Ningesemaje? Usiolewe? Mimi si mchawi. Yule mtu ni mwema, hata mimi namwona, anakula polepole na haingizi viatu ndani. Nilifurahi, naapa nilifurahi. Nikaenda nyumbani nimefurahi hivyohivyo, nikakaa kitandani, nikajiuliza." Aliishika ile sahani kifuani. "Kaka yangu ndiye aliyenipa wewe. Bila yeye mimi na wewe si chochote, ni majirani tu. Ukishakuwa mke wa mwingine, mimi nitakuwa wifi wa nani?"

Mwalimu alifunga bomba.

"Nilipokuwa silali, nani alilala sakafuni kwangu?"

"Ah, hayo ya zamani."

"Nani?"

"Mimi. Na mgongo wangu haujanisamehe."

"Kaka yako hakuwepo. Alitukutanisha, Mungu amrehemu, lakini miaka yote hii hakuwepo hata siku moja ya kutuambia tukae pamoja. Tulikaa wenyewe. Mimi sikukuweka kwenye kile kiti cha nyuma kwa sababu sikutaki. Nilidhani unafanya kazi kwa kunivumilia. Nilidhani nakupumzisha."

"Ukanipumzisha kama mzee wa kustaafishwa! Na gauni nikavaa!"

"Limekupendeza."

"Limeingia chokoleti." Wifi alilitazama doa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa ajili ya gauni, kama alivyodai. Mwalimu alimfuta kwa taulo la vyombo, lililokuwa limelowa, hivyo akamlowesha zaidi, na wifi akamwambia kwamba kwa mkono huo ndiyo maana chokoleti za watu zinaharibika.

Mpima ardhi alikuja na gari dogo la mizigo kuchukua vyombo. Alipakia sufuria kwa utaratibu, kubwa chini, ndogo juu, akafunga kamba. Mwalimu alimwita pembeni ya gari, na hakusubiri kufika nyumbani.

"Kuna jambo sijakuambia, kwa sababu nilikuwa sijalijua mpaka leo," alimwambia. "Jibu langu ni ndiyo. Lakini siwezi kuhamia kwako. Wifi yangu yuko mtaa wa pili na kazi yetu iko kwangu. Ukiona ni vigumu, niambie sasa, sitakulaumu."

Mpima ardhi alikagua fundo la kamba, ingawa lilikuwa limekaza. Wifi, aliyekuwa ameshika kikapu hatua chache kutoka hapo, aliacha kujifanya hasikii.

"Nyumba yangu ina vyumba vingi na mtu mmoja," mpima ardhi alisema. "Ukikohoa chumbani, sebule inakujibu. Sikuwa nakuomba uje uipende nyumba." Akamgeukia wifi, na kwa mara ya kwanza mtu huyu wa vipimo alionekana hajui asimame wapi. "Ila dada, sijui nikuite nani. Wewe kwangu ni shemeji au ni nani?"

"Wewe beba hiki kwanza," wifi alisema, akamkabidhi kikapu kizito kuliko vyote. "Tutaona unavyobeba, halafu tutatafuta jina."

Ndoa ilifungwa baada ya miezi michache, na mpima ardhi ndiye aliyehama. Wifi huja siku za kazi, na zisizo za kazi pia, na bado anamwita Mwalimu wifi. Mwalimu hapangi tena menyu ya karamu yoyote kabla ya kumuuliza yeye anataka kufanya nini, na akijibiwa, husikiliza mpaka mwisho.